Ufa Nyuma ya Kabati

Baba Watoto,

Chai imo kwenye chupa. Ukuta wa chumbani usiuguse! Nakujua, ukiona ufa tu mikono inakuwasha, na ukiuziba umetuharibia ushahidi.

Asubuhi nilisukuma lile kabati tuliloachiwa na muuza nyumba, ukamsifu wee, eti muungwana. Muungwana wako alikuwa anafichia ufa! Fundi wake aliuwekea alama za penseli na tarehe, aone kama unarefuka. Tarehe ya mwisho ni wiki moja kabla hatujasaini. Alijua.

Wakili kaniambia kwenye simu nimpelekee picha, ndiko niendako. Anasema tunaweza kumdai muuzaji autengeneze ukuta, au arudishe sehemu ya bei, au tuvunje mkataba achukue nyumba yake.

~~Mimi nataka aichukue. Leo leo.~~

Nimeyakata hayo. Wakati natoka nimeona, nikarudi: alama zako za penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kimo cha mwanetu, na tarehe. Hata hukuniambia, we mtu.

Basi hatuhami. Ukuta atautengeneza huyo muungwana wako. Na kabati lake aje alibebe mwenyewe, kichwani.

Mama Watoto