Fyuzi Niliyoiunguza Mimi

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku tu wazima; mama ameshona mapazia mapya.

Baba bado anasema pikipiki uliyomuuzia ni mzoga, ndiyo maana hapokei simu zako. Mzoga si kweli. Nilitoa betri kusafisha kutu, nikarudisha waya kinyume, fyuzi ikaungua. Nikanyamaza mwezi mzima huku akiisukuma na kukutukana.

Jana nilizirudisha waya sawasawa na kuweka fyuzi mpya kwa siri. Baba alipobonyeza stata ikawaka papo hapo. Akacheka: "Hata chuma kina huruma kuliko ndugu yangu!" Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kumwambia usoni naogopa. Barua hii naiacha wazi juu ya tangi la pikipiki, aisome yeye kwanza. Ukiipata, ujue ameituma mwenyewe.

Bintiyo mwoga