Pikipiki Haifungwi kwa Mpira

Mjukuu wangu Mogaka,

Hapa Nakuru tu wazima. Mama yako amerudi juzi na ndizi kutoka Keumbu, ambapo mimi bado napaita nyumbani. Lakini picha uliyotuma ya pikipiki iliyofungwa kwa mipira nyuma ya gari lako la kulala safarini imenikasirisha. Unauliza kama mipira hiyo inatosha. Haitoshi!

Zamani, sokoni Keumbu, dereva mmoja alifunga pikipiki nyuma ya pikapu kwa vipande vya mpira wa tyubu ya gurudumu, kama afungavyo mikungu ya ndizi. Nilimwonya, akanicheka: "Imeshika kama kupe, mama!"

Aliponipita mteremkoni nikirudi nyumbani kwa miguu, mpira ulivutika, pikipiki ikaanguka mbele yangu. Niliruka mtaroni na mama yako mgongoni. Dereva alirudi mbio, akainua pikipiki yake.

"Mungu ni mwema! Ni taa tu imevunjika."

"Na sisi je?" nikamuuliza kutoka mtaroni. Akashtuka. Hakuwa ametuona.

Hasira hiyo ninayo hadi leo. Nunua mikanda ya kukazia, ile ya malori. Funga miwili mbele na miwili nyuma, uvute mpaka springi za pikipiki zibonyee. Ukishaenda kidogo, simama ukaze tena.

Huko nyuma yako kuna mtu barabarani. Simjui, lakini namwogopea.

Nyanya yako