Sigara ya Batri na Dot ya Mireille

Siku ya kazi moja, tarehe 6 mwezi wa tano

Kama si miye, telefone zote za dunia zingekuwa vipande vya plastiki tu. Bantu habajui. Nani alichimba cobalt kwa njia ya Kinsevere na mikono, mbele ya camions kufika? Miye. Ikaenda Chine, ikageuka batri. Kwa hiyo kila batri mu hii dunia iko na jasho yangu ndani. Sijaomba médaille.

Asubui nimefungua kibanda, hapa Naviundu. Plaque ya jua juu ya bati, telefone za bantu zinanyonya moto yake. Radio moja, waya ilikatika, nimeifunga. Sigara moja mbele ya chai, ingine nyuma ya chai. Kukohoa. Mama Safi, jirani muuza makala, akapiga kelele: "Papa Faustin, ile moteur yako inalilia mafuta!" Nimecheka mupaka nikakohoa tena.

Kifua inauma. Ni vumbi ya kiangazi tu.

Siku ya kazi tatu, tarehe 8

Hasira. Mireille alipita kibandani. Ni mutoto wa dada yangu Espérance. Zamani kila asima ilipomukamata, miye nilimubeba ku mugongo mupaka dispensaire, mbio kuliko pikipiki. Sasa iko mukubwa, ana muchumba, na bakwe, bantu ya muchumba, banakuja na dot, mahari yake, siku ya posho, tarehe 18. Ni bantu ya Butembo, bauza jumla, bantu ya kanisa ya kweli kweli. Hapana pombe, hapana sigara.

Ku kwetu mutoto ni wa upande wa mama. Siku ya dot baba anakaa kimya. Muyomba, kaka ya mama, njo anasema. Muyomba ni miye. Hiyo hakuna kuuliza.

Mireille ameuliza. Aliinamisha kichwa, akasema polepole: "Muyomba, kifua yangu unaijua. Na yako ninaisikia toka barabarani. Kama salon itanuka sigara, ao kikohozi itakukata maneno mbele ya bakwe, Tonton Donatien atasema fasi yako. Nimekwisha kumuambia ajitayarishe."

Donatien! Mudogo wangu, mwalimu. Anasema kama mwenye kutoa dictée ku batoto ya masomo. Bakwe batalala mbele ya kutoa mbuzi ya dot.

Sikula mangaribi.

Siku ya kazi ine, tarehe 9

Mungu ananijua. Dereva mumoja wa lori ya Kasumbalesa alileta radio yake. Nimeitengeneza, na badala ya malipo amenipa sigara ya batri. Ya kwanza mu Naviundu. Labda ya kwanza mu Lubumbashi muzima.

Umbo ni sigara kabisa. Nyeupe, fasi ya mudomo rangi ya kahawia, ku ncha taa ndogo nyekundu. Ukivuta, taa inawaka, na maji ya ndani inageuka mvuke. Hapana kiberiti, hapana jivu. Inanuka mint kama dawa ya meno.

Nimevuta nikisimama barabarani. Bantu balijaa. Nimebaeleza kama ile batri ni jasho yangu, imerudi nyumbani. Fundi wa viatu akauliza kama nilipoichimba ilikuwa tayari na taa. Wivu.

Muke wangu Georgette aliuliza: "Ni dawa?" Nimesema ni science. "Basi science yako ivutie nje. Mireille haiko panya ya kupimia."

Siku ya posho, tarehe 11

Shida. Naziandika hapa sababu hapa hakuna mwenye kucheka.

Haina nguvu. Unavuta mupaka mashavu inaingia ndani, na ku koo inafika kitu kama pumzi ya mutoto mwenye kulala. Sigara yenyewe inapiga kifua. Hii inabisha hodi na kukimbia.

Batri inachoka upesi. Courant ya umeme imekatika toka jana. Plaque yangu imejaa telefone za bantu, na nikichomeka sigara yangu mbele yao banasema ninaiba jua yao. Mama mumoja alingoja pale pale, mikono ku kiuno, mupaka nikaichomoa.

Na inavuja. Ilivuja mu mufuko ya shati, leo, mbele ya chakula. Georgette alinusa, akanusa tena. "Huyu mwanamuke wa mint iko nani?" Parcelle yote, majirani na batoto, ilicheka. Nimemuonyesha kitu yenyewe, akacheka kupita bote.

Maji yake ya kuongeza haipatikane. Nimezunguka soko, bananiangalia kama mwenda wazimu.

Nimevuta sigara ya kweli nyuma ya choo. Moja. Mireille asijue.

Siku ya yenga, tarehe 12

Kiisha misa nimekaa na banaume fasi ya kunywa munkoyo. Bakanichokoza: "Faustin, ile mutoto yako ya plastiki imeshiba leo?" Nimesimama. Nimesema: cheka sasa. Telefone ya kwanza yenye niliona mu huu muji ilikuwa nzito kama tofali, na mwenye nayo alipanda juu ya kichuguu ili imusikie. Leo muuza nyanya iko nayo mbili. Hii nayo itakua. Itapata batri yenye kukaa muchana muzima, kifuniko yenye haivuji, maji mu kila duka. Bantu batavuta bila kuchoma nyumba na kitanda. Tena kisha batachoka kuvuta, bataiacha kabisa, sababu hii iko na mulango ya kutokea. Sigara ya moshi haina.

Mumoja akaninunulia kikombe. Nilisema vizuri kuliko padri.

Usiku nimekumbuka: fasi ya munkoyo tulikuwa batatu ya kuvuta toka ujana, na mumoja alikufa mwaka jana. Kifua.

Siku ya kazi mbili, tarehe 14

Maji iliisha. Taa ilipepesa, ikazima. Nimefungua, nimegusa batri na waya ya radio. Imepona. Miye ni fundi. Basi.

Siku ya kazi tano, tarehe 17

Toka kazi mbili sijagusa sigara ya moshi. Ni kweli, na Georgette ni shahidi. Mate yangu inakuwa kama shaba. Nimegombana na radio. Nimegombana na Mama Safi juu ya gunia yake moja yenye ilikuwa inakaa kimya. Lakini kikohozi iko mbali sasa, kama mbwa wa parcelle ya tatu.

Donatien alikuja na karatasi ameandika pande zote mbili. "Yaya, weye mukubwa wangu, kesho ukichoka, nigusie goti tu, nitaendelea." Alisema kwa heshima. Heshima yake inachoma kuliko matusi.

Espérance amepiga pasi shati yangu nyeupe mara mbili. Dada yangu anajua namna ya kuniomba bila kusema.

Nimepangusa viatu yangu mara tatu. Ni vumbi tu.

Siku ya posho, tarehe 18

Niandike haraka, mbele ya kusahau vile nilikuwa mukubwa.

Bakwe balifika na mavazi ya kanisa. Salon ilijaa. Desturi ni hii: muyomba anakaa kinywa imefungwa, kama hakuona muntu, mupaka bakwe baweke feza pa meza ya kuifungua. Nilikaa. Ile kimya ni ndefu. Macho yote juu ya uso yangu. Donatien pembeni, karatasi ku magoti. Miye na sigara ya batri katikati ya vidole.

Papa Kambale, baba wa muchumba, aliweka feza yake pa meza, kiisha akaangalia vidole vyangu. Akacheka. "Papa Muyomba, ile ninaijua! Niko na carton muzima ku dépôt. Niliileta toka Chine nikifikiri itasaidia bandugu ya kanisa kuacha sigara. Haiwake. Inavuja. Hasara tupu. Yako inawaka?"

Salon yote iliangalia ncha ya sigara. Mireille naye, toka nyuma ya pazia.

"Inawaka sana," nikasema. "Lakini mbele ya bakwe, sivute. Ni heshima."

Bamama ya Butembo balitikisa kichwa: eee, muntu wa adabu. Na hapo kinywa yangu ilikuwa imefunguka. Nilisimama. Nikaiinua ile kitu bote baione.

"Bakwe, musiidharau. Batri yake ilitoka mu udongo yetu. Ilienda mbali, bantu bengine bakaishika, imerudi ingali na kasoro. Inachoka upesi. Inalia maji. Kila siku inataka kuwekwa ku jua. Lakini mwenye akili haitupi, sababu anaona vile itakuwa kesho. Na sisi leo tunatuma kwenu mutoto wetu, wa udongo hii hii. Kifua yake ni ndogo, niliibeba na mugongo yangu. Siku akichoka, musiseme ni mubovu, musimurudishe. Mumupe jua."

Sikukohoa. Hata mara moja.

Espérance alilia. Papa Kambale alisimama akanishika mikono yote mbili. Mbuzi zilikubaliwa bila kelele, na juu ya costume, zawadi ya desturi ya muyomba, aliniongezea ile carton yake. Donatien alikunja karatasi, akaitia mufukoni. "Yaya," alisema, "umesema." Neno moja tu. Mwalimu muzima.

Batazungumuza hii dot mupaka Kilwa, kule ku ziwa.

Siku ya yenga, tarehe 19

Georgette iko kanisani. Mbuzi za bakwe zimefungwa ku mupapai. Costume inaning'inia ku musumari, mikono ni mirefu kidogo.

Carton ilifika asubui. Nimepima zote. Hakuna yenye kuwaka, batri zililala sana. Si kitu. Hii ni ya kwanza kwanza. Zingine zitakuja.

Mireille alipita na maandazi. "Muyomba, haukukohoa. Ile kitu yako inafanya kazi kweli." Nimesema eee. Akakaa karibu yangu kidogo, akavuta pumzi vizuri.

Sigara yangu haikupona. Ile kazi mbili taa ilizima na haikuwaka tena. Toka ile siku nilikuwa navuta hewa ya bule mu plastiki, na jana hata hewa sikuvuta. Nilikuwa naishika tu. Mbele ya bantu mukono yangu inatetemeka kama haina kitu. Toka ujana. Njo maana nilishika sigara ya kwanza.

Hata sasa, peke yangu, naandika na mukono ya kuume. Ile sigara iko mu mukono ya kushoto.