Pahala pa Kichupa

Jumapili, 2 Novemba
Kazini Wattaya, hapa Maskati, mpaka saa tisa. Gari mbili hazijatoka gereji, mteja kanigombeza mbele ya mafundi wangu. Nimerudi, nimekoga, nimetoa sanduku la bastola, nimezipaka mafuta. Hii ndiyo dawa yangu.

Zimelala mbili kwenye kitambaa cha kijani, moja inatazama huku, moja kule. Zile za fataki, za Wazungu wa zamani waliokuwa wakitukanana, halafu wanatoana roho kwa adabu, kila mmoja na bastola isiyozidi ya mwenziwe. Sizipendi kwa hayo. Nazipenda kwa kuwa ni pacha. Kalibu ya kumiminia risasi ipo. Kijiti cha kushindilia kipo. Kikopo cha fataki kipo. Kichupa cha baruti ndicho sina. Pahala pake pamechongwa kwa umbo lake, mpaka shingo. Nimeweka kingine cha kuokoteza, kifupi, kinacheza. Miaka nakitafuta chenyewe. Kila nikifungua, jicho linakwenda pale kwanza.

Raiya anasema sanduku hili ndilo mke mwenziwe.

Jumanne, 4 Novemba
Bi Zuwena kaniita kwake Khuwair. Shoga yake marehemu mama, kanibeba mgongoni huyu. Nyumba inapakwa rangi, anakwenda kukaa Qurum kwa mwanawe Nassor mpaka imalizike. Kanipa sanduku la marehemu mumewe nimuwekee. Bastola za jozi, kama zangu. Macho yake yana ukungu siku hizi, ila ulimi mzima.

"Amana hiyo, Sefu. Usizichezee. Wewe ukiona vitu hivi huwa kama mtoto kaona halua."

Mwende, mtumishi wake kutoka Kenya, ndiye aliyefunga vitu vyote vya nyumba. Kalibeba mwenyewe mpaka garini. "Wacha tu baba, hii nimezoea kuipanguza."

Raiya alinipa sahani ya vitumbua nimpelekee. Imerudi na ndizi mbivu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata iwe na ndimu moja.

Nyumbani nimefungua. Fundi ni yule yule aliyetengeneza zangu. Na kichupa kipo. Shaba, shingo ndefu. Nimekitia kwenye sanduku langu, kupima tu. Kimeingia kama kimezaliwa pale. Kuna kitu ndani kinagonga. Baruti iliyoganda, nadhani. Nimekirudisha kwenye sanduku lake.

Ijumaa, 7 Novemba
Tangu sala ya Ijumaa nakiangalia. Najua ninachotaka kufanya. Naandika ili nisifanye.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefanya.

Kichupa chake kwangu, changu kifupi kwake. Nimekata kipande cha kitambaa nikajaza pengo, kisicheze. Kazi safi. Yeye si mtu wa bastola, na macho hayaoni. Mumewe angejua, na mumewe yuko kaburini. Nilipiga mluzi muda wote wa kazi. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 13 Novemba
Sanduku langu limetimia. Nimefungua, nimetazama, nimefunga. Nilidhani ntafurahi. Raiya kauliza mbona nimenuna. Nikasema kazi.

Jumatano, 19 Novemba
Rangi imekauka, Bi Zuwena karudi kwake. Nimempelekea sanduku, na sahani ya sambusa kutoka kwa Raiya.

Kalifungua mapajani. Bastola hakuzigusa. Kapapasa mpaka kakipata kichupa, kakinyanyua pamoja na kitambaa chake, kakiweka sikioni, kakitikisa. Kakitikisa tena. Kisha kakirudisha, kaniuliza watoto hawajambo.

Kahawa niliinywa sikujua ladha yake. Nilijipanga kwa macho. Kumbe yeye hutumia sikio.

Alhamisi, 20 Novemba
Nassor kanipigia kazini. Kanihadithia kitu ambacho sikukijua.

Ndani ya kichupa mlikuwa na kipini cha mama yake, cha dhahabu, cha puani, alichovalishwa harusini. Siku moja waligombana yeye na mumewe, akakivua akamtupia. Mume akakiokota, akakitia kwenye kichupa, akakaza kifuniko. Kasema siku utakayonichekea ntakutolea. Wakapatana siku ile ile, lakini kifuniko kimekaza, hakifunguki. Wakaona bora kikae. Bibi akawa anakitikisa tu, kumchokoza. Mume kafa. Bado anakitikisa.

Sasa hakilii. Mwende ndiye aliyefunga vitu. Kwa hiyo Mwende kakifungua kichupa, kakitoa kipini, kakiuza. Nassor hana shaka. Jumamosi anampandisha ndege.

"Wewe kaka hukukiona kama kimefunguliwa?"

Nimesema sikuangalia.

Mimi hata hawajanifikiria. Bi Zuwena kasema Sefu ni mwanangu.

Nimerudi nyumbani, nimekitoa kwenye sanduku langu, nimekitikisa. Kinalia.

Ijumaa, 21 Novemba
Nilipanga hivi. Nikitie mfukoni, niingie, niombe nilitazame sanduku, nibadilishe, niseme kumbe kilikwama, kinalia tena. Mwende abaki, mimi nisalimike. Nimekifunga kwa leso kisilie mfukoni.

Kufika, sanduku liko kabatini, ufunguo anao Nassor. Na sebuleni begi la Mwende limefunguliwa, nguo zake zote ziko kwenye zulia. Za ndani pia. Biblia imekung'utwa, picha za wanawe zimetawanyika. Nassor anakunywa chai. Bi Zuwena kajifunika ushungi.

Mwende kasimama mlango wa jikoni. Kanitazama mimi.

"Baba, hiyo sanduku ilikaa kwako. Si uwaambie hiyo chupa ilikuwa imefungwa? Hii kitu siwezi fungua, hata na koleo."

Nilifungua mdomo. Nikasema nna haraka, kuna gari inanisubiri kazini. Ijumaa. Gereji imefungwa, na kila mtu mle ndani anajua.

Nilikaa garini nje ya nyumba yao, mkono mfukoni. Mimi ni mwizi wa amana. Na sasa namuibia mtu jina lake, mtu ambaye hana kingine hapa Maskati.

Raiya nimemwambia magharibi. Yote. Nilitaka apige kelele. Kaenda kunipigia pasi kanzu.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimekwenda asubuhi. Wote watatu walikuwepo. Nguo bado ziko chini. Mwende kakataa kuzigusa, kasema aliyezimwaga ndiye atakayezirudisha.

Nimetoa kichupa nikakiweka juu ya meza. Nikasema nimeiba mimi. Nilijiandaa kwa maneno mengi, yakatoka hayo tu.

Bi Zuwena kanyoosha mkono. Kakitikisa. Kakaa nacho sikioni muda, macho kayafumba. Nikamwambia, Bi Zuwena, radhi yako naitaka.

"Usianze kwangu. Huyo hapo."

Nikamgeukia Mwende. Nikasema nisamehe. Kamaliza kuniangalia, kisha kajibu.

"Nimeskia, baba."

Basi. Hakusema nimekusamehe. Na jana aliniuliza kwa uzuri.

Nassor kanitukana matusi niliyokuwa nimeyasahau tangu skuli. Kafungua kabati, kakitoa kile kichupa changu kifupi, kanirushia kifuani. Yeye hakumuomba Mwende radhi. Mama yake kamwambia tulia, wewe ndiye uliyemwaga begi. Kisha Bi Zuwena, na magoti yake yale, kashuka kwenye zulia, kaanza kukunja nguo za Mwende. Moja moja, kwa kupapasa. Nikashuka nimsaidie.

"Wewe usiguse," kaniambia Bi Zuwena.

Nikasimama pale na mikono yangu.

Alipomaliza kamwambia Mwende abaki, nyumba ni yake. Mwende kafunga zipu. "Asante mama. Lakini mimi nitaenda tu. Nikibaki, kitu ikipotea tena mtaniangalia." Bi Zuwena hakumbishia. Kamshika mkono mpaka mlangoni.

Jumanne, 25 Novemba
Mwende kafika kwao. Nimemuandikia kwenye simu, maneno marefu, nimefuta, nimeandika mafupi. Kasoma. Hajajibu. Hana deni la kunijibu.

Nimekwenda Khuwair. Kengele nimepiga, nimemsikia Bi Zuwena anatembea ndani. Hakufungua. Nimerudi.

Alhamisi, 4 Desemba
Leo imerudi ile sahani ya sambusa. Dereva wa Nassor kaileta. Imeoshwa vizuri, imefungwa gazeti. Raiya kaifungua mezani. Tupu.

Kaishika muda, kaigeuza, kama kuna kitu kimebaki chini yake. Kisha kaipanga kabatini juu ya nyengine. Tumekula. Samaki alikuwa mtamu, nikamwambia.

Baadae nimetoa sanduku nikazipaka mafuta, maana chuma kina haki yake. Kile kichupa kifupi nilikitupa siku ile ile niliyorushiwa. Pahala pake pako wazi, mpaka shingo. Sitafuti tena cha kutia. Jicho bado linakwenda pale kwanza. Na liende.