Baiskeli ya Mota Waliyonipa kwa Makofi

Swahibu, viatu vya kunasa pedali sina. Kofia ya matundu sina. Gia za betri sina. Miguu ninayo!

Sasa sikia walichonifanyia leo kwenye kikao cha klabu yetu ya baiskeli.

Mwenyekiti alituonyesha vifaa vipya vya mwaka huu, kimoja baada ya kingine. Mwisho akavuta turubai. Kumbe chini yake pana baiskeli ya mota!

"Hii ni ya babu yetu," akasema. "Mbio za mlimani Jumapili awaachie vijana. Yeye atatusindikiza taratibu." Namba yangu ya mbio akaikunja, akaitia mfukoni.

Atatusindikiza! Mimi! Na watu wakapiga makofi, swahibu. Makofi ya kuniaga nikiwa hai.

Nikauliza, "Nani kawaambia nimechoka?"

Akanishika bega. "Mzee wangu, uzee si aibu."

"Aibu ni kuachwa mlimani na mzee," nikamjibu, "kama ulivyoachwa mwaka jana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Namba hakuitoa.

Mota yao nimeiacha palepale, nikarudi nyumbani nikikanyaga chuma changu.

Shemeji yako kaniambia, "Andika, baba, usije ukapigana." Nimeandika:

"Mwenyekiti, asante kwa zawadi. Nirudishie namba yangu. Jumapili baiskeli ya mota ipande wewe, labda safari hii utaniona angalau mgongo."

Bahasha nimeilamba, nimeifunga. Shemeji yako ameshatoka nayo. Kicheko chake nakisikia mpaka barabarani.