Mkweche kwa Mpya

Jumamosi, 10 Julai 1993

Kikao cha maonyesho. Tulikaa kwenye darasa la chekechea, magoti yakigusa videvu — watu wazima kwenye viti vya watoto! Mzee Bwanali alifungua kwa dua na kwa kukohoa, kama kawaida. Mwenyekiti tangu tuanze. Sikumbuki aliyempigia kura.

Mujibu naye alikuja. Zamani alikuwa akikaa mlangoni kwetu siku ya maonyesho, anauza betri za tochi moja moja. Sasa ana duka la vioo hapa Masasi, vitu vya Dubai mpaka darini. Akasema atatoa turubai, jenereta, muziki, fulana. Sisi tubadilishe jina tu. "Maonyesho ya Mafundi wa Mikono" yafe, lizaliwe "Tamasha la Elektroniki". Nikolao wa Chilangala, yule wa mapanga ya upepo, akauliza mafundi watakaa wapi. Mujibu akamjibu uwanja ni mkubwa, hakuna atakayekosa pa kukaa.

Bwanali akakataa katakata. Kwamba hataki uchuuzi. Kisha Mujibu akamwambia yeye ndiye atakuwa mgeni rasmi, atapanda jukwaani na redio aliyoiunda mwenyewe. Akakohoa. Akakubali.

"Na Mama Arthur ashike maiki," Mujibu akasema. "Huyu mama ana sauti."

Mimi! Miaka yote hiyo nimeshika birika. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu, wasione ninavyocheka.

Jumapili, 11 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa najaribu sauti kichwani.

Maonyesho ya zamani yalikuwa matamu, siwezi kukataa. Miaka ya foleni ile, hakuna sabuni, hakuna betri. Watu wanapanda Newala, yalikofanyika wakati huo, kwa baiskeli na kwa miguu, vitu vyao vikapuni. Redio ndani ya kibuyu. Kengele inayolia kwa maji ya chumvi. Hakuna aliyeuza kitu. Kitu kinageuzwa, kinafunguliwa mgongo, watu watano wanaingiza pua humo humo. Na mtu wa Mkunya anamwachia mtu wa Masasi waya ambao hata yeye anauhitaji.

Matamu — kwa wanaume. Mashine yangu ya vifaranga, yenye kengele inayolia joto likizidi, Bwanali aliiweka meza ya mikeka na vikapu. "Kazi za akina mama." Vifaranga wakaanguliwa palepale, watu wakajazana. Mkubwa mmoja wa wilayani akauliza nani kabuni ile kengele. Bwanali akanyoosha mkono, akapewa mkono. Akanigeukia: "Mama Arthur, chai bado?"

Mpaka leo hajui kama alifanya kosa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 14 Julai

Mujibu kaniita dukani. Kanipa soda baridi. Kanieleza mpango mzima.

Shughuli kubwa ya siku inaitwa Mkweche kwa Mpya. Mtu analeta redio yake kuukuu, inavunjwa hadharani, anapata mpya kwa bei ya kupunguziwa. Ila watu wa huku wanaogopa kuvunja kitu. Lazima waone moja ikivunjwa kwanza. Lazima wacheke. "Mtu akishacheka, Mama Arthur, mkono wenyewe unaingia mfukoni."

Nikauliza redio gani hiyo ya kwanza. Akanitazama tu.

"Mzee mwenyewe atajua?"

"Tutamtoa kwenda kula pilau. Tutamwambia redio inawekwa mahali pa heshima."

Nikacheka. Naandika kama ilivyokuwa: nilicheka, soda ikanipalia. Halafu akasema nikifanya vizuri, atanunua gari la matangazo, na mwenye kutangaza ndani yake ni mimi. Masasi yote, Newala, mpaka Nachingwea — sauti yangu!

Ijumaa, 16 Julai

Nimepanda Mkunya kwa basi la asubuhi. Mikorosho imeanza kuchanua. Nilikwenda kumwambia Bwanali, kwake. Nasema kweli — njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mzee, usiilete redio, au ilete uondoke nayo mwenyewe.

Mkewe Shakila alinipa maji ya kunawa kwenye kikombe kidogo. Maji huko ni ya kuhesabiwa. Mwanamke mpole, haongei, jicho tu linafuata watu.

Redio nimeiona. Sanduku la mninga, amelisugua mpaka unaona uso wako. Vioo vyake vya ndani, zile valvu, amezitoa kwenye redio mbovu za misheni. Kijijini hakuna umeme, basi huifunga kwenye baiskeli mpaka kwa mapadri wenye jenereta, kuijaribu. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa na la kulia liko njiani. Kwa hiyo anaweka kiganja juu ya mbao, anafumba macho. "Nasikia kwa hapa," akasema, akanionyesha kiganja. Akafurahi kama bwana harusi.

Kitu kizuri kupita kiasi. Nilitamani kukishika.

"Mzee," nikaanza, "kuhusu siku ile —"

"Nilitaka kukwambia hilohilo," akanikata. "Ukiwa jukwaani usiseme sana. Taja jina langu, kaa pembeni. Mambo ya ufundi yatakuchanganya. Halafu mwone Nikolao kuhusu chai ya wajumbe, mwaka jana ilikuwa nyepesi."

Nikasema, "Sawa, mzee." Nikaaga. Shakila akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama kuna neno nililoacha kusema. Nikamwambia hakuna.

Jumamosi, 24 Julai

Fulana imekuja. Kubwa mno, jina la duka mgongoni. Nimeibana pembeni kwa sindano. Inanikaa!

Jumamosi, 31 Julai

Nimerudi. Miguu inawaka. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Watu kama harusi ya mtu mkubwa. Muziki tangu asubuhi, mpaka yale mawe makubwa ya milimani yanarudisha mlio. Katikati ya uwanja turubai la Mujibu: redio-kaseti, pasi, feni, televisheni moja ambayo watu walipiga foleni kuitazama ikiwa imezimwa. Mafundi? Nyuma kabisa, karibu na choo. Nikolao alisimamisha mapanga yake, upepo ukaja, yakazunguka vizuri sana, taa yake ndogo ikawaka. Vijana wa duka wakamkimbilia: "Vumbi, mzee! Vumbi kwenye bidhaa!" Wakayafunga kwa kamba. Akashinda amekaa ameshika panga moja kama anayemzuia kuku asikimbie.

Fundi mmoja wa Newala akachukua redio-kaseti, akaigeuza, akatafuta skrubu kwa ukucha — mazoea tu. Akapigiwa kelele: "Usifungue! Ukifungua garantii imekufa!" Akarudisha mkono kama aliyeungua. Kutwa nzima leo hakuna aliyeona tumbo la kitu chochote.

Saa ya jukwaa ikafika. Bwanali amevaa suti ya kahawia, kofia nyeupe, amepanda polepole. Shakila mbele kabisa, amekaa chini na wanawake. Nikashika maiki. Nikasema, "Masasi mpo?" Uwanja wote ukaniitikia. Mungu wangu! Sijawahi kupata kitu kama kile maishani.

Redio ya Dubai ikabonyezwa — papo hapo, muziki! Watu wakaruka. Ya Bwanali ikawashwa. Kimya. Valvu hazina haraka, lazima zipate moto kwanza, kila fundi anajua. Mimi pia najua. Nikasema, "Subirini, jamani, bibi anatafuta meno yake!" Wakaanguka kwa kicheko. Nikasema, "Inavuta pumzi!" Wakacheka tena. Sikuwa nimeyapanga. Yalikuja yenyewe, moja linamvuta mwenzake, na kila lilipotoka nilitaka jingine.

Halafu ikawaka.

Mimi nilikuwa karibu nayo, mimi peke yangu. Mtu alikuwa anasoma habari. Sauti nene, ya joto, kama mtu amekaa ndani ya lile sanduku anaongea nami. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Ile ya Dubai ni kopo mbele yake. Lakini jenereta ilikuwa inanguruma na muziki wa turubai haukuzimwa, na maiki ilikuwa mkononi mwangu. Ingetosha kuisogeza tu — mkono mmoja, chini kidogo, mbele ya spika yake.

"Jamani, mnasikia chochote?" nikauliza.

"Hatusikiiii!"

Bwanali alikuwa amefumba macho, kiganja juu ya mbao. Akafumbua, akaniuliza taratibu, "Wanasikia?" Nikamwitikia kwa kichwa. Nikawaambia watu, "Mzee anauliza kama bado mko hai!" Vicheko. Yeye aliona meno yao tu. Alifurahi. Alivua kofia akawainamia, mara mbili.

Wakampeleka kula. Pilau ya wanaume ilikuwa upande wa shule. Shakila hakwenda, alibaki palepale chini.

Mujibu hakutaka nyundo. Alileta mchi wa kutwangia, unachekesha zaidi. Wa kwanza kupanga mstari alikuwa Yohana. Yohana! Bwanali ndiye aliyemfundisha kuchomelea lehemu, alikula kwake miaka. Alipokea mchi, akanitazama, nikasema kwenye maiki, "Twanga, baba, upate mpya!" Akatwanga. Mbao ilikuwa ngumu, ilihitaji watu wengi. Valvu zilipasuka kwa sauti ndogo, kama mayai. Baada ya hapo hatukuweza kuwazuia watu — redio, saa, pasi za mkaa, mpaka mmoja wa mafundi wetu kaleta amplifaya yake mwenyewe, aliyokuja kuionyesha.

Shakila alisimama wakati wa valvu. Alinitazama. Akaondoka.

Mujibu kanipa mkono. Kasema gari litapatikana.

Sijala.

Jumapili, 1 Agosti

Sijaenda kanisani. Wako nje.

Walilala kwa ndugu yao hapa mjini. Nimefungua mlango, Bwanali huyo, na suti ileile. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mama Arthur." Kakaa barazani bila kukaribishwa, kama kwake. Kasema jana alipewa heshima ambayo hajawahi kupewa. Kasema nilitangaza vizuri, sikuzidisha maneno. Kasema anajua redio imewekwa dukani kwa Mujibu, kwenye kioo, na kabla hawajapanda Mkunya anataka mkewe aione pale. Na anataka kuwaelekeza wale vijana — waiache ipate moto kwanza, na kile kitufe cha kulia wakizungushe taratibu, kinateleza. Hataki kwenda peke yake, vijana wa duka wanaongea haraka, yeye hawasikii vizuri. Nimpeleke.

Nikasema ngoja nivae.

Shakila kanifuata ndani, eti anaomba maji. Kasimama hapa hapa kando ya kitanda. Nikamwambia, "Mama Hamidu, mwambie wewe. Wewe ni mkewe."

"Usiku kucha kanisimulia hiyo redio," akasema. "Jinsi watu walivyocheka kwa furaha. Mimi sijasema neno na sitasema. Jana ulisema mbele ya watu wote. Sema na leo, ni mtu mmoja tu."

Hakunywa maji. Karudi nje kwa mumewe.

Nimeshavaa. Nimevaa zamani. Kupitia dirishani namwona anampangusa mumewe vumbi begani, polepole, kama hana haraka na dunia. Vipande vimefagiliwa kwenye shimo la takataka nyuma ya uwanja. Njia ya kwenda dukani inapita palepale. Kuna nyingine ya sokoni, lakini atauliza kwa nini tunazunguka.

Nimepata. Nitasema imeibiwa. Usiku, walinzi walilala. Imeibiwa kwa sababu ni nzuri — akisikia hivyo huenda hata atajivuna. Shakila atakuwepo, atanisikia. Haya, na aseme basi yeye! Na akiniuliza nani — maana ataniuliza, namjua — nitasema sijui, ila jana nilimwona Yohana anaizunguka sana ile redio, tena akiwa wa kwanza —

Anabisha hodi. "Mama Arthur! Jua linapanda."

Nimesema naja.