Pumzi ya Baba Kidoti

Jumanne, 3 Juni

Daftari, niwie radhi. Tangu tumzike mume wangu, Baba Kidoti, sijakugusa. Nikishika kalamu, ama mtoto analia ama cherehani inaniita. Sare za shule hazingoji msiba uishe.

Leo kaja Shemeji, mdogo wa marehemu, fundi simu. Kaleta simu ya kaka yake. Kakusanya ujumbe wake wote wa sauti, kailisha programu ya akili bandia. Sasa simu inaongea kama Baba Kidoti. Unauliza, inajibu. Usiogope, shemeji, akaniambia, ni zawadi ya mtoto.

Ikasema, "Mama Kidoti, umekula?" Mkasi ukanidondoka.

Jumapili, 8 Juni

Kidoti hataki tena kumwombea baba apumzike. Eti baba hajafa, kajibana kwenye simu, tumsubiri atoke. Anamwekea kijiko mezani. Mama mkwe naye anaiombesha simu kabla ya kula. Inaomba vizuri kuliko mwenyewe — yule alikuwa "Bwana asante, amina," mkono uko kwenye sahani tayari.

Baada ya ibada nikamfuata mchungaji. Je, roho yake inaweza kuwa imo? Hakucheka. Mtu alipuliziwa pumzi na Mungu, akasema, na roho ya mumeo iko mikononi mwa aliyeitoa. Hairudi kwa kuchajiwa. Ile mashine inapanga maneno tu.

"Lakini inanijua, mchungaji."

"Mama, hata kioo kinakujua."

Nikarudi nimeridhika nusu.

Jumatano, 11 Juni

Nikipiga pasi sketi, nimeisikiliza vizuri. Haivuti pumzi! Sentensi ndefu kama kamba ya kuanikia, haipumziki popote. Na Baba Kidoti alikuwa na pumu; habari ya dakika moja alikuwa anaitua njiani kama mzigo.

Moyo ukawa mwepesi. Nikampigia Shemeji, na kujidai kidogo: hiyo si yeye, haipumui.

Akacheka. "Hilo tu, shemeji? Dogo hilo."

Laiti ningaliufunga mdomo wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Inapumua.

Jana Shemeji kairekebisha. Leo mchana Kidoti kaiweka kando ya cherehani. "Mama Kidoti" — ikavuta pumzi — "umechoka." Nikashika gurudumu lisizunguke.

Pumzi ile naijua. Ina kamlio mwishoni, kama mlango usiofunga sawasawa. Nyumbani hakupumua hivyo. Ni ya hospitali, siku ya mwisho, mama mkwe alipomwekea simu mdomoni, inarekodi, atuage. Hakusema neno. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Shemeji kakiri kaitoa huko. Kwingine kote kulikuwa na kelele, pale tu palikuwa kimya. Hakuwa na nia mbaya. Najua.

Kidoti kalaza sikio kwenye simu. "Si nilikuambia, mama? Anapumua."

Nami, Mungu anisamehe, nilikaa nikisikiliza pamoja naye.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeizima. Nimeifungia kwenye droo ya vifungo, ufunguo uko kifuani. Mama mkwe kasema nimemwua mwanawe mara ya pili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mchungaji atakuja jioni, aseme na mtoto. Kidoti hajala. Amekaa chini, mgongo kwenye droo, chaja mkononi. Nimemwambia baba yuko kwa Mungu. Kaniuliza, huko anapumulia nini?

Sijui, mwanangu. Nimemfunika kanga.

Nayaandika hapa kwanza, nisilegee nikimpigia Shemeji. Programu aifute. Kisha aniletee sauti zenyewe, zisizosafishwa. Ile ya sokoni aliyosahau kuikata, anabishana na muuza vitunguu. Ile aliyonigombeza kwa sababu ya funguo, kumbe ziko mfukoni mwake. Ile ya kikohozi kitupu. Na ile ya hospitali, yote, mpaka pale mwisho ambapo hakuna kinachosikika.